Muulize Fundi: Ruta imelala, grupu linagombania vyama

Meseji nyingi mlizotuma safari hii zinazunguka kitu kimoja, siasa kwenye magrupu ya kazi, basi nimeamua safu nzima iwe ya hiyo. Wa betri za laptopu na skrini zilizopasuka mtanisamehe, zamu yenu inakuja.

Shikamoo Fundi. Mi ni admini wa grupu la mafundi wa mtandao huku Kanda ya Ziwa, tuko zaidi ya mia mbili. Juzi usiku kijana kauliza mbona wateja wake wa PPPoE (wale wanaoingia intaneti kwa jina na nywila) wanakatika kila baada ya dakika chache, kaweka na picha ya logi ya ruta yake ya MikroTik, kabla hajajibiwa mtu akatupia video ya mkutano wa kampeni, ikawa ndo imetoka hiyo. Wa chama hiki, wa chama kile, mwingine akaanza kutaja makabila. Asubuhi naamka nakuta meseji mia tatu na ushee, yule kijana kaandika "nimeshasaidiwa kwingine" alafu katoka. Nataka nipige marufuku siasa yote, hata neno serikali lisionekane. Nakosea?
*Admini aliyechoka, Mwanza*

Marahaba kaka. Kuchoka una haki, ila hiyo marufuku ya neno serikali haitamaliza wiki. Kumbuka Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipotoa tangazo kwamba wanaotumia VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti) wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo, mafundi wangapi walikuwa na wateja wenye ofisi Mwanza na tawi Bukoba zinazounganishwa kwa VPN, hao walitakiwa waulizane wapi kama sio kwenye grupu lako? Alafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatika nchi nzima, mteja anakupigia anafikiri dishi limegeuka na upepo, we unatakiwa umjibu nini, na ile mwezi aliyolipia unamrudishia siku ngapi? Hayo yote yana serikali ndani yake na yote ni kazi.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki, fundi aliyeko juu ya mnara akisoma hii meseji sasa hivi, kuna kitu atafanya tofauti na mikono yake? Kama kipo, iache hata kama inataja waziri. Kama hakipo, ihame hata kama imeandikwa na mtu mwenye vyeti ukuta mzima. Nani alaumiwe, chama gani kinafaa, nani kaiba kura, hayo ni maswali ya maana kabisa na mi mwenyewe nina majibu yangu, ila hayarudishi PPPoE ya mtu hewani.

Na marufuku za jumla zina historia mbaya. Kampuni ya Basecamp ya Marekani, wanaotengeneza programu ya kusimamia kazi, Aprili 2021 walitangaza hakuna tena mijadala ya siasa na mambo ya jamii kwenye mfumo wao wa kazi. Walikuwa hawafiki hata 60 na kama theluthi yao wakaondoka ndani ya siku chache. Sasa ukifukunyua ugomvi ulianzia wapi unakuta si uchaguzi wala rais, ni orodha ya majina ya wateja ambayo wafanyakazi waliitunza kwa miaka wakiyaona yanachekesha, mengine ya Kiafrika na ya Kiasia. Majina kama yetu hayo. Mtu akisema jamani hii orodha si sawa, hiyo ni siasa au ni namna ofisi inavyomtendea mteja wake? Wakubwa walivyoiweka kapu moja na ubishi wa vyama watu wakaona wanazibwa midomo, na mi nadhani waliona sawasawa.

Kinachofanya kazi ni kuipa siasa chumba chake. Hili si wazo langu, wazee wa Usenet, yale magrupu ya mijadala ya kompyuta ya zamani, walilifanya mwaka 1986 na 1987 walipopanga upya magrupu yao yote. Zamani ile ujumbe ulikuwa unasafiri kwa laini za simu na mtu analipia, kuvusha bahari kwenda Ulaya ilikuwa hela nyingi, na kuna seva Ulaya zilikuwa hazitaki kulipia kelele za Wamarekani. Wakatenga tawi la comp kwa kompyuta, sci kwa sayansi, na mabishano makali ya dini na siasa yakapewa tawi lake linaitwa talk, asiyetaka kulibeba asilibebe. Hakuna aliyezuiwa kubishana. Na we fanya hivyo hivyo, WhatsApp siku hizi ina komyuniti, fungua grupu la pili liite kijiweni, mtu akianza unamwambia kijiweni kaka. Ila umwambie kwenye meseji ya pili, sio ya mia mbili. Ikifika mia mbili kila mtu ana kidonda na ukimhamisha mmoja atasema umempendelea mwingine.

Alafu mtafute yule kijana inboksi umrudishe. Na kwa faida ya wengine, wateja wakikatika wote kwa mpigo anza na umeme na swichi, mara nyingi kuna mtu kachomeka kebo pande zote mbili kwenye swichi moja akatengeneza lupu, wakikatika mmoja mmoja basi kila mmoja na kebo yake au sigino yake. Ona, mistari miwili tu, usiku ule haikupata mtu wa kuiandika.

Sasa Fundi. Niko Nairobi, kwa grupu yetu ya Python, ile lugha ya kuandika programu, kuna mzee mmoja ametufunza karibu wote, kazi yangu ya kwanza ni yeye alinisaidia kupata. Shida ni kila swali anageuza siasa. Mtu anauliza vile ataunganisha API ya M-Pesa (mlango wa programu yake kuongea na M-Pesa), mzee anajibu na hotuba ya Muswada wa Fedha na vile Wakenya wanafinywa na ushuru. Tunamheshimu, hakuna mtu anaweza mwambia. Tufanye?
*Developa, Nairobi*

Mpigie simu. Usimwandikie, na usithubutu kumjibu mbele ya watu, mzee akikosolewa mbele ya vijana wake hata ukiwa na haki umeshapoteza. Mpigie, msalimie vizuri, uliza wa nyumbani, alafu mwambie mzee, wale wapya wanaogopa kuuliza maana wanaona hawajui siasa za kutosha kujibizana na wewe. Hiyo ni kweli na haimvunjii heshima. Wazee wengi wa ufundi hawajui kama wanatisha watu, wanafikiri wanachangamsha.

Kingine, mpe kazi. Juni 2024 pale Kenya kulikuwa na vijana waliotengeneza chatiboti ya kuusoma huo Muswada wa Fedha na kumweleza mwananchi kwa lugha nyepesi, hasira ileile ya mzee wenu ila imegeuka programu inayofunguka kwenye simu. Mwambieni awaongoze kutengeneza kitu cha namna hiyo, mseme hii ni projekti ya grupu, muone kama hotuba hazitapungua zenyewe. Zisipopungua basi bado mtakuwa na projekti.

Fundi, nyinyi mnasema ufundi na siasa vitengane, mbona wakubwa wenyewe hawatenganishi? Linux waliwatoa Warusi, na yule bosi wao akaongea siasa waziwazi. Au sheria ni kwa wadogo tu?
*Mtanzania, Muscat*

Ndugu yangu wa Muscat umenipiga pabaya, ngoja nijibu taratibu.

Linux, mfumo wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa dunia nzima, ina faili linaitwa MAINTAINERS, linaorodhesha nani anasimamia kipande gani, wa draiva hii ni fulani, wa ile ni fulani. Oktoba 2024 majina karibu dazeni yakaondolewa humo, mengi ya watu wa Urusi, na maelezo yaliyoambatana yalikuwa kama mstari mmoja tu, kwamba ni matakwa mbalimbali ya kisheria. Watu wakauliza matakwa gani, ya nchi gani, mtu atarudi vipi? Badala ya jibu la kueleweka Linus Torvalds, yule bosi aliyeianzisha Linux, akaja moto, akakumbusha kwamba yeye ni Mfini na asitegemewe kuunga mkono uvamizi wa Urusi. Baadaye ndo ikafafanuliwa vizuri kwamba ishu ni vikwazo vya Marekani, anayefanya kazi kwenye kampuni iliyoko kwenye orodha ya vikwazo hawezi kukaa pale.

Sasa mi naona hapa kuna mambo mawili yamechanganywa. Sheria ya vikwazo huna pa kuikwepa, taasisi inayoisimamia Linux iko Marekani, hilo ukipitisha kwenye kipimo changu cha mnara linapita, mtu aliyekuwa anatuma kazi yake leo anajua kesho itakwama wapi. Kilichoharibu ni ule mstari mmoja. Mtu katumikia miaka anatolewa kama kifungu cha chumvi kimetolewa dukani, alafu akiuliza anajibiwa na historia ya Finland. Wangeandika siku ileile ni sheria gani na mlango wa kurudi ni upi, wabishi wangebaki wachache. Kwa hiyo hapana, ukubwa haumpi mtu ruhusa, Torvalds pale alikuwa nje ya mada kama yule wa video ya kampeni kule Mwanza.

Ila kuna baya zaidi ya hilo. Machi 2022, vita vya Ukraine vimeanza tu, mwenye maktaba moja ya JavaScript (kipande cha programu ambacho wengine hukichomeka kwenye programu zao) inaitwa node-ipc, inayopakuliwa zaidi ya mara milioni moja kwa wiki, akaingiza humo kipande kinachoangalia anwani ya IP ya kompyuta, namba yake ya mtandaoni, ikionekana ni ya Urusi au Belarus kinafuta mafaili na kuweka emoji ya kopa mahali pake. Kopa, aisee! IP inajua nini kuhusu msimamo wa mtu? Mwanaharakati anayepinga vita akiwa Moscow naye mafaili yake yangeenda. Mtu akibishana grupuni nitamwambia kijiweni, anayeficha siasa yake ndani ya apdeti ninayoipakua mimi bila kujua huyo simwiti mbishi, huyo ni mharibifu na programu yake sigusi tena.

Habari Fundi. Grupu letu la wadada wa IT tumebishana kama tutoe tamko kuhusu jambo la kisiasa lililotokea hapa nchini (sitalitaja). Wengine wanasema tupige kura ya WhatsApp tumalize. Unaonaje?
*Dada wa seva, Arusha*

Kura ya WhatsApp dada usiipige, kwa sababu moja tu, inaonyesha nani kachagua nini. Kuna mwajiri humo, kuna shemeji wa mtu humo, skrinishoti ni sekunde moja.

Wa Debian, wale wanaotengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujitolea dunia nzima, yaliwakuta. Mwaka 2021 walipiga kura kuamua watoe tamko gani kuhusu Richard Stallman kurudi kwenye bodi ya Free Software Foundation, taasisi ya programu huru aliyoianzisha mwenyewe, kulikuwa na chaguo la kumtaka aondoke, la kumuunga mkono, na mengine ya katikati. Chaguo lililoshinda ni kutotoa tamko lolote. Yaani walibishana wiki kadhaa, wakapiga kura, wakaamua kunyamaza, na mi siwacheki, kunyamaza kwa kupiga kura ni tofauti na kunyamaza kwa woga. Shida ni kwamba utaratibu wao ulikuwa unatangaza kila mtu kapigaje, na watu waliogopa kuandamwa. Mwaka 2022 wakapiga kura nyingine, safari hii kubadilisha katiba yao ili majina yafichwe.

Kwa hiyo mkitaka kura tafuteni fomu ya siri, na chaguo la tusitoe tamko liwepo kwenye karatasi tangu mwanzo. Na wanaotaka kutoa tamko lao kwa majina yao wasizuiwe, wasaini kama watu, sio kama grupu.

Fundi uchaguzi wa 2027 ukikaribia twafunga grupu au vipi? Sisi ni mafundi simu, na admini ni mimi, nisije nikashikwa bure.
*Msomaji, Mombasa*

Kufunga kupo na si aibu. Januari 2008, damu ikimwagika baada ya uchaguzi wa Kenya, David Kobia aliyekuwa anaendesha Mashada, ukumbi uliokuwa unakusanya Wakenya wengi mtandaoni, aliona matusi ya ukabila yamemzidi, kufuta hakumaliziki, akaufunga. Akafungua kingine kidogo kinaitwa I Have No Tribe, mtu anaandika hana kabila na anaeleza. Ni huyohuyo aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi kipindi kile, ramani ya kuripoti vurugu. Ila wewe usifike huko, we una kile kitufe cha kuruhusu maadmini peke yao waandike, kiwashe usiku wa matokeo, kizime mambo yakitulia, na utangaze mapema ili mteja wa skrini asiseme umemnyamazisha.

Kuhusu kushikwa, mwaka 2017 tume ya mshikamano, NCIC, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya walitoa miongozo ya ujumbe wa kisiasa iliyomtaka msimamizi adhibiti kinachowekwa, kwa hiyo usijifanye hukuona. Ya chuki futa hapohapo, admini siku hizi anaweza kufuta meseji ya mwingine kwa wote, lakini piga picha kwanza uiweke, ukiulizwa kesho uwe na la kuonyesha. Na ongeza admini wa pili, awe wa upande usiokuwa wako wa siasa, ili siku ukilala akifuta yeye hakuna atakayesema ni chama chako.