Chipu ya 555 na spika isiyolia: majibu kwa wasomaji

Maswali yote ya safari hii yanahusu saketi moja: chipu ya 555, yaani chipu ya kupima muda ambayo hapa hupandisha na kushusha volti mfululizo ili spika ilie, inayotumia betri ya volti 9, rizista ya omu 1,000 kati ya mguu wa 8 na wa 7, nyingine ya omu 10,000 kati ya mguu wa 7 na wa 6, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kutoka mguu wa 6 hadi upande hasi. Kwa vipimo hivyo, mlio unapaswa kuwa karibu hezi 690.

Nikiwasha, spika hulia mara moja tu, kisha kimya. Nimebadilisha chipu, hali ni ileile.

Nakusihi usinunue chipu nyingine kabla ya kupima. Weka mita kwenye volti za DC, kisha pima mguu wa 3, unaopeleka mlio kwenye spika. Saketi ikiwa inafanya kazi, mita itaonyesha takriban nusu ya volti za betri, kwa kuwa inasoma wastani wa kupanda na kushuka. Hapo kosa litafutwe kwenye spika na nyaya zake. Mita ikibaki karibu na sifuri, hakikisha mguu wa 4 umeungwa upande chanya, kwani ukigusa hasi huizima chipu, na ukiachwa bila kuungwa haueleweki. Ikibaki juu, karibu na volti za betri, kapasita haijai kufikia theluthi mbili za volti hizo, yaani volti 6, kiwango ambacho chipu hukisubiri ili igeuke. Kagua rizista zote mbili, pamoja na waya unaounganisha mguu wa 2 na wa 6, ambao wengi huusahau.

Badala ya mlio nasikia "ta, ta, ta" ya polepole.

Umeweka kapasita kubwa mno. Ya mikrofaradi 0.1 huandikwa 104 juu yake. Ukiweka ya mikrofaradi 100, chipu itapanda na kushuka mara moja tu kila baada ya sekunde moja na nusu hivi.

Chipu inachemka hadi haishikiki.

Zima mara moja. Spika ya omu 8 iliyoungwa moja kwa moja hudai mkondo mkubwa kuliko miliampea 200, ambazo ndizo kikomo cha chipu ya kawaida. Kutoka mguu wa 3, tanguliza rizista ya omu 47, kisha kapasita ya mikrofaradi 100, chanya yake ikielekea kwenye chipu, ndipo ufike kwenye spika. Sauti itapungua, anayetaka kelele zaidi aongeze transista, asiilazimishe chipu.