Kabla hujaandika andiko la utafiti wa tumbaku

Nimekulia Urambo, mkoani Tabora, kwenye nyumba ambayo ada ya shule ilitoka kwenye bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku kwa moto. Usiku wa kukausha tulipokezana kuchochea kuni, na harufu ya majani yakigeuka njano naijua hadi leo hata nikifumba macho. Nilipoanza kutafiti sera za tumbaku, ndugu waliniona msaliti na wafadhili hawakuniona kabisa. Maandiko mawili ya kuomba fedha za utafiti yalikataliwa. La tatu likapita. Kwa hiyo nyie mnaoniandikia "dada, pesa ziko wapi?", nawajibu hapa kwa pamoja.

Anza na mafunzo, maana hayo hayana foleni. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani kina kozi za bure mtandaoni kuhusu udhibiti wa tumbaku. Mimi nilizisoma usiku kwa bando la simu. Ukivutiwa na kodi, geukia kusini. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kitengo kiitwacho REEP kinachochambua uchumi wa bidhaa zinazotozwa ushuru, na wengi wanaoandika kuhusu kodi ya sigara Afrika wamepitia mikononi mwake.

Kisha takwimu. Utafiti wa GATS, ule wa kimataifa unaopima matumizi ya tumbaku kwa watu wazima, uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wanatumia tumbaku. Kenya mwaka 2014 ilikuwa asilimia 11.6. Wengi hunukuu namba hizo mbili na kuishia hapo, wakati takwimu ghafi zenyewe zinapakuliwa bila malipo. Andiko langu lililokubaliwa lilikuwa na jedwali nililolichambua mwenyewe kutoka humo. Yale mawili ya kwanza yalijaa ahadi tupu.

Kwa upande wa pesa, IDRC, shirika la serikali ya Canada linalofadhili utafiti, imefadhili tafiti nyingi za uchumi wa tumbaku katika nchi zetu, na fedha za tajiri wa Marekani Michael Bloomberg hupitia mashirika ya Campaign for Tobacco-Free Kids na The Union. Milango hii hufunguliwa na kufungwa, kwa hiyo andiko liwe tayari kabla tangazo halijatoka. Wiki tatu za tangazo zinatosha kusaka sahihi za wakuu wa idara, basi.

Hapa sasa naomba utulie. Niliwahi kujaza nusu ya fomu ya mfuko mmoja uliokuwa na jina zuri la afya, pesa nene, masharti machache mno. Msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: "Hao nao wanapata wapi?" Nilifuata mnyororo jioni nzima, nikaangukia kampuni ya sigara. Si jambo geni. Mwaka 2017 Philip Morris International iliahidi dola milioni 80 kwa mwaka, kwa miaka 12, kwa taasisi iliyoitwa Foundation for a Smoke-Free World. Uhusiano huo ulikatwa mwaka 2023, na taasisi ikabadili jina mwaka uliofuata. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na Kifungu 5.3 kinataka sera za afya zilindwe dhidi ya masilahi ya kampuni hizo. Jarida la Tobacco Control nalo halichapishi kazi iliyolipiwa na kampuni za tumbaku. Ukishakula hela yao, utamsomea nani matokeo?

Mada yenyewe itafute kibandani. Mimi nilihesabu bei za sigara moja moja. Serikali hupandisha ushuru kidogo, lakini mwenye kibanda hana chenji ya shilingi 12. Ama anaacha bei ilivyo, ama anaruka shilingi 50 nzima. Mvutaji wa kipato kidogo anakutana na kodi kupitia sarafu hiyo. Mfadhili alilipenda swali hilo kwa sababu halipatikani kwenye takwimu za pakiti.

Kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiombe mapema. Changu kilichelewa, nikasubiri mwaka.

Na zungumza na mhasibu kabla hujasaini bajeti. Wa kwetu alinidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila sigara niliyonunua. Nilirudi vibandani na daftari, wenye vibanda wakisaini mmoja mmoja huku wakicheka.