Upasuaji wa saratani ya koo kupitia mdomoni: niliyopitia mimi

Dada, pole sana, na shemeji mpe pole. Umesema amekutwa na saratani kwenye findo (tonsil), uvimbe bado mdogo, imetokana na virusi vya HPV, vile vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na ambavyo pia huleta saratani ya mlango wa kizazi, na madaktari wenu huko Texas wamewaachia mchague: upasuaji wa roboti kupitia mdomoni, au mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua saratani. Mimi nilifanyiwa hiyo ya roboti hapa hapa Marekani, findo la kulia, kwa hiyo naongea kama mgonjwa.

Kabla ya yote mbaneni daktari wa upasuaji kwa swali moja: akishamkata, kuna uwezekano gani kwamba bado atahitaji mionzi? Faida kubwa ya upasuaji huu ni kuikwepa mionzi au kuipunguza. Mionzi na kemo bila upasuaji ni kama gray 70 (gray ni kipimo cha mionzi) kwa wiki saba. Uvimbe ukitoka wote, kingo za nyama iliyokatwa zikawa safi bila saratani, na tezi za shingo zikawa salama, mtu anaweza asihitaji mionzi kabisa. Lakini ikionekana saratani imepasua ganda la tezi na kutoka nje, kwa kawaida atapewa mionzi na kemo juu ya kidonda cha upasuaji. Hapo anabeba mizigo yote mitatu. Picha za CT na PET humpa daktari fununu mapema, kwa hiyo msikubali jibu la "tutaona". Mimi kingo zilikuwa safi ila tezi kadhaa zilikuwa na ugonjwa, nikapewa mionzi ya kiwango cha chini bila kemo. Mate yamepungua hadi leo, chupa ya maji hainiachi.

Upasuaji wenyewe: unalazwa kwa nusukaputi, mdomo unatanuliwa kwa chuma, mikono ya roboti iitwayo da Vinci na kamera inaingia, daktari anaiongoza akiwa amekaa pembeni. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mwaka 2009. Zamani kufika nyuma ya ulimi mara nyingi kulimaanisha kupasua mdomo na taya. Usoni sina kovu. Shingoni ninalo, kwa sababu tezi hutolewa kwa mkato wa nje, na humo humo hufunga mishipa inayopeleka damu kwenye kidonda. Wengi wakisikia "kupitia mdomoni" hawategemei hilo. Bega nalo lilikuwa zito muda mrefu, mazoezi ndiyo yaliyonirudisha.

Maumivu ni makali, sitakuficha. Kidonda huachwa wazi kipone chenyewe, na kila ukimeza mate unaumia mpaka ndani ya sikio. Dawa apewe kwa saa, asisubiri maumivu yapande. Nililishwa kwa mpira wa puani, kisha uji mwembamba, kisha mtori. Mtaalamu wa kumeza amwone kabla ya upasuaji, na daktari wa meno kabla ya mionzi. Damu ikitoka mdomoni wiki mbili za mwanzo, hata kidogo na hata ikikoma yenyewe, pigeni 911.

Mtu asiwaambie mionzi ni njia ya kizamani. Utafiti wa ORATOR ulioongozwa kutoka Kanada, wagonjwa 68, matokeo yake 2019, ulikuta kwamba baada ya mwaka waliopewa mionzi walimeza vizuri kidogo kuliko waliopasuliwa, na tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Ulizeni pia daktari huyo anafanya wangapi kwa mwaka. Mkono uliozoea ni muhimu kuliko mashine.

Kuna jambo hukuliuliza, nalisema kwa sababu kwetu lilituumiza mimi na mke wangu. Virusi hivi huweza kukaa kimya miaka mingi mno, pengine tangu kabla hamjajuana. Si ushahidi wa mtu kutoka nje ya ndoa. Wewe endelea na kipimo chako cha mlango wa kizazi kwa ratiba ya kawaida, na mwende naye kliniki pamoja.