Kuhusu vipindi vyako vya dunia iliyoisha

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo huku Tanga, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Jumapili uliniuliza kitu kwenye simu, mtandao ukakatika kabla sijajibu: kwa nini watu walioshiba, wenye maji bombani na umeme, wanakesha wakiangalia wenzao wanaojifanya dunia imeisha? Ukauliza kama ni ugonjwa. Nimeona afadhali niandike, maana kwa simu huwa unanikatiza.

Ile The Colony, kipindi cha televisheni cha Marekani ulichoniachia kwenye flashi wakati wa Idi, nimeimaliza, misimu yote miwili. Ule wa kwanza, wa 2009, watu 10 wamewekwa kwenye ghala Los Angeles wajitegemee. Wanachuja maji kwa mchanga na mkaa, wanaokota betri za magari, wanachoma kuni mpaka gesi yake inaendesha injini. Hapo nilikaa wima. Baba yako angekuwepo angesimamisha kila dakika anieleze. Kwa hiyo sababu moja nakupa bila ubishi: mtu anapenda kuona mikono ikifanya kazi. Siku hizi kitu kikiharibika unaambiwa ununue kingine. Pale chuma chakavu kinageuka taa, nawe umejilaza kwenye kochi unajiona ungeweza. Hungeweza. Wewe hata kubadilisha mtungi wa gesi unamwita fundi.

Lakini nilishawaambia tangu mkiwa wadogo, shida ya kweli haina tarehe ya kuisha. Wale walijua siku yao. Hata majambazi wanaowavamia ni watu wa kulipwa.

Msimu wa pili, wa 2010, ulinikera. Waliupeleka Chalmette, Louisiana, jirani na New Orleans, kwenye mtaa uliobaki magofu tangu kimbunga Katrina cha Agosti 2005. Maradhi wanayoyakimbia ni ya kubuni, lakini nyumba si za kubuni. Kila walipoingia ndani mimi naangalia kuta tu, nawaza: hapa palikuwa na mtu anapika. Mwenye nyumba akiwasha televisheni huko alikokimbilia, ataona nini?

Tena sikuona mtoto wa nepi hata mmoja. Wote watu wazima: mhandisi, muuguzi, fundi. Dunia ikiisha kwa kuchagua hivyo, nani hawezi kuishi?

Mimi mwaka 1983 nilikuwa na wewe mgongoni. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi ikapita, tukaongeza matundu kwenye mkanda. Hakukuwa na sukari, hakukuwa na mafuta ya taa. Ugali ulikuwa wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano, na ukifika duka la ushirika alfajiri unakuta foleni ya mawe, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako usogeze la mtu. Sabuni ndiyo ilikuwa dhahabu. Watu walifulia majani ya mpapai.

Nyumba yetu ya Ngamiani unaikumbuka kwa hadithi, vyumba sita, uani mmoja, kamba moja ya nguo. Chumba cha mbele yetu alikaa yule mama wa Kidigo niliyewahi kuwatajia. Naye alikuwa na kichanga, amekuzidi wiki tatu tu. Baba yako akapata mche mzima wa sabuni kwa njia zake za bandarini, sikumuuliza. Nikaukata vipande, nikavishona ndani ya mto wako. Ulikuwa unalalia sabuni, mwanangu, ndiyo maana kichwa chako kikawa bapa upande mmoja. Shangazi yako husema si kweli. Ni kweli.

Siku ya tatu yule mama akagonga. "Mama, huna hata kipande cha kufulia nepi? Mtoto anababuka." Nikamwambia sina. Wala sikuishia hapo, nikala yamini. Akasema haya, Mungu atasaidia, akaondoka.

Jioni nikafua nepi zako, nikaanika. Akatoka na za kwake alizofulia mpapai, zina rangi ya ukijani, akazianika pembeni ya zako, kamba ile ile. Akashika nepi yako moja, akaivuta puani taratibu, akasema, "Zinanukia vizuri." Kisha akaingia ndani kukoroga uji.

Basi. Hakunigombeza, na kesho yake alinisalimu vilevile. Mpaka leo sijui alikuwa ananisimanga au anasifia tu.

Nimejitetea sana kwa miaka hii. Ulikuwa mwaka wa Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi, watu wanatupa magunia usiku kwa kuogopa kukamatwa nayo. Ungeniuliza zamani ningekwambia niliogopa mdomo wa jirani. Lakini mche mmoja uliokatwa vipande si uhujumu, na yule mama hakuwa na mdomo. Niliona tu havitatosha. Nilihesabu, vilikuwa tisa, nikaona tisa ni vichache. Nane navyo vingekuwa vichache, lakini ningekuwa nimetoa kimoja.

Ndiyo hapo vile vipindi vinanidanganya, au labda vinanifariji, sijui. Ukiangalia unajipima: ningewasha moto, ningechuja maji, ningelinda lango. Wabaya wako nje, wanakuja kwa kelele. Hakuna anayejipima kwa kubishiwa hodi na mtu anayemjua. Hilo halina mvuto wa kuangalia, nadhani. Au ninakosea, pale ghalani nao waligombana vya kutosha, nami niliyapenda magomvi kuliko injini.

Unataka nikwambie ni ugonjwa au si ugonjwa. Sisemi. Ningesema, ila niliangalia misimu miwili kwa siku nne na nikaunguza maharage. Shida ya kweli haina tarehe ya kuisha, hilo tu ndilo ninalolijua, na hata hilo unaweza kulibishia, kwa kuwa sabuni ilirudi madukani na sisi tupo.

Ukija Desemba niletee nyingine ya namna hiyo, ila isiwe kwenye nyumba za watu. Na mwambie mkeo asininunulie sabuni tena. Najua mnanicheka. Kabati la chumbani halifungi mlango.

Mama yako