Mfundishe Mtoto Kuamkia na Kukataa

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Sakina, Arusha, aliniandikia kwamba mwanawe wa darasa la kwanza humfuata yeyote anayemwita kwa upole, akauliza kama amtishe ili aogope watu. Namjibu hapa kwa sababu najua wazazi wengi wa Arusha na hapa kwetu Moshi wana swali hilo hilo: usimtishe. Mtoto mwenye hofu hunyamaza, na anayetaka kumdhuru hupenda mtoto wa namna hiyo.

Nasema hivyo kwa yaliyotokea nyumbani kwangu. Hivi karibuni, wakati wanafunzi wanatoka shuleni, mwanamume aliyevaa vizuri alimsogelea binti yangu wa miaka tisa, akamwita kwa jina, akamwambia kwamba nimegongwa na bodaboda karibu na stendi kuu na kwamba ametumwa ampeleke hospitali ya KCMC haraka. Jina alilisoma tu, kwa maana limedariziwa kifuani mwa sweta kama shule inavyotaka. (Nimeomba lihamishiwe ndani ya kola; bado nasubiri majibu.) Binti alimwamkia shikamoo, kwa kuwa ndivyo tulivyomlea, kisha akasogea hadi kwenye meza ya mama anayeuza vitumbua getini, akamshika kitenge, ndipo akauliza: "Mama amekupa neno gani?"

Nyumbani tuna neno moja ambalo kila anayetumwa kumchukua ni lazima alitaje, hata awe mjomba wake. Alilichagua mwenyewe, na likishatumika tunalibadilisha. Yule mwanamume alisema hakuna muda wa maneno, mama yako anakufa. Binti akajibu kwamba basi mwalimu ampigie baba simu kwanza. Mama wa vitumbua alipoinuka na kuuliza kuna nini, mwanamume alivuka barabara, akapanda bodaboda, akatokomea.

Sifichi fahari yangu. Hata hivyo, nilipolisimulia jambo hili katika kikao cha ukoo kule Kibosho, mmoja wa mashangazi wa mtoto alisema nimemfundisha kiburi, na kwamba mtoto aliyelelewa vizuri hamhoji mtu mzima kama askari. Maneno yale yananiuma hadi leo, kwa sababu yalisemwa mbele ya mtoto mwenyewe, naye akanitazama akisubiri nitasema nini. Nilimtetea pale pale, na hapa namtetea tena.

Ndugu zangu, huku kwetu tunawazoesha watoto kutumwa na kila mkubwa: kamletee jirani chumvi, kamnunulie mjomba vocha, mpokee bibi mzigo. Ni malezi mema na sitaki yafe, lakini mhalifu naye kalelewa humo humo, na anajua kwamba mtoto wetu ataona aibu kumkatalia mtu aliyekwisha kumwamkia. Kwa hiyo ni wajibu wetu kumwambia mtoto waziwazi kwamba heshima inaishia pale mkubwa anapotaka kuondoka naye, kumshika mwili au kumpa siri. Wala tusidhani kwamba hatari ni mgeni wa stendi peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mara nyingi anayefanya hivyo ni mtu anayefahamika. Ndiyo maana neno letu linamhusu hata mjomba.

Kwenye simu ni hivyo hivyo. Kaka yake, mwenye miaka 14, alikuwa akicheza Free Fire, mchezo wa kwenye simu, na "rafiki" aliyejitambulisha kuwa kijana mwenzake wa Dar es Salaam. Rafiki huyo alimwahidi daimondi za mchezo, akataka wahamie WhatsApp, akaomba picha akiwa amevaa sare ya shule, na mwishoni akaandika: "usimwambie mama." Mwanangu alinionyesha jioni hiyo hiyo, kwa kuwa kwetu sheria inasema anayekuomba ufiche ndiye wa kusemwa kwanza, na kwamba anayesema hanyang'anywi simu. Mzazi anayechukua simu kila anapoambiwa jambo baya hataambiwa tena, hilo nawahakikishia. Nanyi mnaoweka kwenye status picha za mahafali ya chekechea, mtoto amesimama mbele ya kibao cha shule, jina likisomeka, acheni! WhatsApp, Instagram na TikTok zenyewe hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe, lakini sisi tunamtangaza humo angali na miaka minne.

Likitokea jambo, usifute ujumbe kwa hasira wala usimtukane aliyeutuma. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, kisha nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, au umwone afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto, kwa hiyo picha kama hizo usizisambaze kwenye magrupu hata kwa nia ya kuonya. Zipeleke polisi tu. Namba 116, ambayo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundisheni aikariri pamoja na namba ya mama.