Vitunda vinadondoka, miche ya nyanya inalala: nifanyeje?

Kuhusu mtufaha uliopandwa mwaka jana, uliochanua vizuri kisha ukaangusha vitunda, usihofu. Mti mchanga bado unajenga mizizi, na vitunda visivyochavushwa sawasawa huanguka vyenyewe wiki chache baada ya maua kupukutika. Mitufaha mingi haijichavushi; inahitaji jirani wa aina nyingine anayechanua wakati huohuo. Mwaka huu ondoa hata vitunda vilivyobaki, nguvu iende kwenye matawi. Weka matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, ya unene wa sentimita 5 hadi 8, ila yasiguse shina, maana gome lisilokauka huoza.

Miche ya nyanya ndiyo ya kushughulikia leo. Kagua shina pale linapotoka udongoni. Likiwa limesinyaa na kuwa la kahawia, hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea wa udongo uliolowa kupita kiasi. Mche huo hauponi: ung'oe pamoja na udongo wake, punguza kumwagilia, ruhusu hewa ipite.

Shina likiwa la kijani lakini refu na dhaifu, mwanga ndio haujatosha. Isogeze miche kwenye mwanga zaidi, na unapoihamisha fukia shina hadi karibu na majani ya chini, kwa sababu nyanya huotesha mizizi kwenye shina lililofukiwa. Usiitoe nje ghafla, jua litaibabua. Izoeshe kwa siku 7 hadi 10, ukianza na muda wa saa moja au mbili kivulini, na usiku wenye dalili ya jalidi (baridi kali ya kugandisha) irudishe ndani.