Ndoo moja, na isijae

Dada mmoja wa Bagamoyo ameniandikia: bamvua ijayo, maji yatakapokupwa sana, anawapeleka watoto kuchimbua chaza wa mchangani, waende na ndoo ngapi? Mdogo wangu, moja, na isijae.

Nimelelewa Tanga, kwenye maji kupwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bahari inakwenda mbali, mchanga wote unabaki wazi, tunashuka na vijiti. Tazama chini: matundu mawili madogo yamekaribiana, ukikanyaga pembeni maji yanaruka. Hapo yupo. Raha yake siwezi kuisimulia ikaisha.

Mwaka juzi siku za Idi walikuja watu na magari, wakachimba kwa makoleo, wakaacha mashimo na marundo ya mchanga. Nikawaomba wafukie. Wakanijibu, "Bahari ya Mungu, umeinunua wewe?" Neno lile bado linaniuma. Chini ya marundo yale walizikwa chaza wachanga wasioweza kupanda tena juu. Na chaza hana mwenzi wa kumfuata. Dume anamwaga mbegu majini, jike mayai, vikutane huko huko. Wakibaki mmoja hapa, mwingine kule, vinapotea bure. Ndiyo maana ufuo uliokombwa unachelewa kurudi hata ukiachwa.

Wanawake wa mtaani tukakaa, tukakubaliana sehemu moja isiguswe, tukaenda kwa BMU, kile kikundi cha wenyeji cha kusimamia ufuo na uvuvi, maana Sheria ya Uvuvi ya 2003 inavitambua vikundi hivyo. Tulichekwa sana. Mwaka huu tumepafungua, na chaza mmoja anajaza kiganja. Najivunia, wacha niseme.

Wenzetu wa jimbo la Washington, Marekani, wana chaza warefu wenye ganda jembamba. Anayechimba kwa starehe anaruhusiwa 15 kwa siku, wale 15 wa kwanza, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu ganda likishavunjika hata ukimrudisha anakufa. Kila mtu na chombo chake. Wetu wa ganda gumu wanarudishika: mdogo mzike pale pale ulipomtoa, ufukie na shimo. Wazazi, hili ni letu. Mtoto akimwona mama anakomba, naye atakomba. Fukieni mbele yao, wapeni nao wafukie. Kula cha leo, usile na cha mwakani!

Kwa hiyo dada, koleo libaki nyumbani. Na kabla hamjashuka, muulize mtu wa BMU wa ufuo huo ni wapi pameachwa pasichimbwe.